Mkaa wa kopo na deni la hewa: nani alipe gharama?

Shangazi yangu anauza mkaa Mbagala. Hauzi kwa gunia, anauza kwa kopo. Kila asubuhi hukaa kibarazani kwake, mbele yake gunia limefunguliwa mdomo na kando yake kopo la rangi lililokwisha meusi kwa vumbi. Wateja wake ni mama lishe wa kituo cha daladala, vijana wa chipsi, na wapangaji wa chumba kimoja ambao kipato chao cha leo ndicho chakula cha leo. Kwa kazi hiyo amesomesha watoto wanne.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda naye kwenye semina moja ya mazingira. Mtoa mada alikuja na picha zake ukutani: misitu iliyokatwa, mito iliyokauka, ardhi iliyopasuka. Akahitimisha kwamba adui mkubwa wa misitu ya nchi hii ni mtumiaji wa mkaa. Shangazi akanyoosha mkono. "Mwanangu, nimekusikia vizuri. Sasa nikiuacha mkaa, maharage niyapikie nini?" Ukumbi ukacheka. Mtoa mada naye akacheka, akasema swali ni zuri, litajibiwa baada ya chai. Baada ya chai halikujibiwa. Nami nilipozunguka nyuma ya ukumbi kunawa mikono, nikaona ile chai ilikuwa imechemshwa kwa mkaa.

Nimefundisha somo la uchumi sekondari kwa miaka mingi, na siku ile niliona haya. Swali la shangazi lilikuwa swali la uchumi tangu mwanzo hadi mwisho, nami nilikuwa nimekaa kimya pembeni yake. Makala hii ni jaribio la kulijibu, japo kwa kuchelewa. Namuomba msomaji anivumilie, kwani tutaanzia kwenye kopo la mkaa na kuishia kwenye mikutano ya mataifa. Njia ni ndefu, lakini ni moja.

Bei isiyosema kweli

Tuanze na gunia lenyewe. Katika bei yake mna nini? Mna ujira wa mchomaji, bei ya gunia tupu, nauli ya pikipiki kutoka porini, nauli ya lori hadi mjini, ushuru na kibali kama vimelipwa, "chai" ya njiani kama havikulipwa, na faida ya kila mkono uliopokea. Kuna kitu kimoja ambacho kwa kawaida hamna: mti.

Mti umekua miaka ishirini au zaidi. Umezuia udongo usichukuliwe na mvua, umehifadhi maji, umempa kivuli mfugaji na maua nyuki. Siku ukikatwa, vyote hivyo hupotea, lakini hakuna anayevilipia. Hasara inamwangukia mtu mwingine kabisa: mkulima wa bondeni, mtumiaji wa maji wa mjini, au mtoto ambaye hajazaliwa. Mchumi wa Kiingereza Arthur Pigou aliieleza hali hii kwa upana katika kitabu chake cha mwaka 1920. Alisema pale ambapo mnunuzi na muuzaji wanafanya biashara yao na hasara ikamwangukia mtu wa tatu asiyekuwapo, bei ya sokoni inakuwa haisemi kweli, na serikali inaweza kuisahihisha kwa kodi. Mwaka 2006 Nicholas Stern, katika ripoti aliyoiandikia serikali ya Uingereza, akayaita mabadiliko ya tabianchi kuwa ni kushindwa kukubwa kuliko kote kwa soko ambako dunia imewahi kukuona. Maana yake ni ile ile, ila mtu wa tatu sasa ni dunia nzima.

Je, mkaa ni jambo dogo? Hapana. Kwa mujibu wa ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009, Tanzania ilikuwa inatumia takriban tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na nusu yake ikiishia Dar es Salaam. Kaya za jiji hilo zinazotegemea mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi asilimia 71 mwaka 2007. Biashara hiyo ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 650 kwa mwaka, na serikali ikipoteza mapato ya dola milioni 100 kwa sababu sehemu kubwa ilipita pembeni. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2010 walionesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 2005 uharibifu wa misitu ulisambaa kutoka Dar es Salaam mithili ya wimbi, kwa kasi iliyofikia kilomita 9 kwa mwaka.

Ongeza hapo namna mkaa unavyochomwa. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo 10 za kuni kavu hutoa kilo moja hadi mbili tu za mkaa. Gunia la kilo 50, basi, limekula robo tani hadi nusu tani ya kuni. Tanuri lililoboreshwa linaweza kutoa kilo mbili na nusu hadi tatu katika kila kilo 10. Lakini mchomaji atajisumbua vipi kutengeneza tanuri bora ikiwa mti ni wa bure? Hapo ndipo bei isiyosema kweli inapozaa israfu.

Kwa nini marufuku hazikusaidia

Wengi husema, dawa ni kupiga marufuku. Tulishajaribu. Mwanzoni mwa mwaka 2006, nchi ikiwa katika ukame na mgawo wa umeme, serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Bei ilipaa, biashara ikahamia usiku, na baada ya wiki chache marufuku ikaondolewa. Nakumbuka shangazi alivyouza mkaa siku zile kwa kuufunika khanga. Wateja hawakupungua, aliyepungua ni ng'ombe kwenye mchuzi, maana fedha ya nyama ilihamia kwenye moto.

Katika somo la uchumi tunasema mahitaji ya kitu hiki ni magumu kupungua. Mtu anaweza kuahirisha kununua shati, hawezi kuahirisha kupika. Ukimfungia mlango mmoja bila kumfungulia mwingine, atapita dirishani, na dirishani kuna mtu anadai kitu kidogo.

Tazama sasa jinsi mlango ulivyofungwa bila kukusudia. Katika bajeti ya mwaka 2011/12 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kwa kishindo ili ulingane na wa dizeli. Sababu ilikuwa ya haki: wafanyabiashara walikuwa wanachanganya mafuta ya taa na dizeli, ule uchakachuaji uliokuwa unaua injini za magari. Uchakachuaji ulipata pigo. Lakini yule mpangaji aliyekuwa akichemshia chai kwenye jiko la mchina alikwenda wapi? Mtaani kwetu wengi walikuja kwa shangazi. Sera iliyotungwa kuokoa injini ikapeleka wateja kwenye mkaa, na Wizara ya Fedha haikuwa na sababu ya kuuliza habari za msitu.

Jirani zetu wa Kenya nao wana kisa chao. Mwaka 2016 waliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ya kupikia. Julai 2021 wakairudisha kwa asilimia 16. Wananchi walilalamika, mwaka 2022 ikapunguzwa hadi asilimia 8, na mwaka 2023 ikaondolewa tena. Ndani ya miaka saba, mama mmoja wa Nairobi aliambiwa aache mkaa, akaadhibiwa kwa kuuacha, kisha akaombwa tena auache. Mtu wa namna hiyo akiweka mtungi wa gesi uvunguni na jiko la mkaa mlangoni, asilaumiwe. Amejifunza kutoiamini bei.

Umaskini ni ghali

Nimesikia mara nyingi wasomi wakipiga hesabu kwamba gesi ni nafuu kuliko mkaa, kisha wakishangaa kwa nini maskini "hawaelewi". Maskini wanaelewa sana. Wasioelewa ni wasomi.

Tuchukue mfano wa darasani. Tuseme gunia la mkaa ni shilingi 60,000 na linatoa makopo 40 ya shilingi 2,000. Anayenunua kwa kopo hadi kumaliza kiasi cha gunia atakuwa ametoa shilingi 80,000. Amelipa theluthi moja zaidi ya tajiri aliyenunua gunia zima. Kwa nini asinunue gunia? Kwa sababu hajapata kuishika shilingi 60,000 yote kwa siku moja bila mwenye nyumba, ada au homa ya mtoto kuidai. Ndivyo ilivyo kwa gesi. Kuna mtungi, jiko na mpira wake kabla hujapika hata yai. Na gesi ikiisha jioni tarehe 24, kopo la mkaa linapatikana kwa shangazi, tena kwa mkopo wa hadi kesho. Duka la gesi halikopeshi.

Kwa hiyo kikwazo si bei ya gesi kwa kilo peke yake, ni ukubwa wa kipande cha kwanza. Ndiyo maana naona maana katika mpango wa kampuni zinazofunga mita kwenye mtungi ili mtu alipe kidogo kidogo kwa simu. Huko ni kuigeuza gesi kuwa kopo. Anayetaka kumshinda shangazi kibiashara, aanze kwa kusoma biashara ya shangazi.

Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo ni jema, na si la miti tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majikoni uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wengi wao akina mama na watoto. Lakini kugawa mitungi mbele ya kamera ni hatua ya kwanza tu. Hesabu ya kweli ni ya kujaza mara ya pili, ya tatu na ya kumi. Tuhesabu mitungi iliyojazwa, tusihesabu iliyogawiwa.

Msitu wa shamba la bibi

Sasa twende porini. Mwaka 1968 Garrett Hardin aliandika makala mashuhuri akidai kwamba malisho ya wote lazima yaharibike, kwa kuwa kila mfugaji atazidisha ng'ombe wake akijua hasara ni ya wote na faida ni yake. Wanasiasa wengi wa dunia ya tatu waliipenda hoja hiyo, maana iliwapa sababu ya kuwanyang'anya wanavijiji misitu yao. Mama mmoja wa Kimarekani, Elinor Ostrom, akatumia maisha yake kuonesha kwamba Hardin alichanganya mambo mawili: mali ya wote na mali isiyo na mwenyewe. Alikusanya mifano ya vijiji duniani vilivyotunza misitu, maji na malisho kwa mamia ya miaka kwa kanuni walizojitungia wenyewe. Kitabu chake kilitoka mwaka 1990, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi.

Sisi Waswahili tuna jina la mali isiyo na mwenyewe: shamba la bibi. Kila mjukuu anachuma, hakuna anayepalilia. Misitu mingi ya ardhi ya vijiji imekuwa hivyo. Lakini sheria haikutaka iwe hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinaruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuweka kanuni zake na kupokea mapato yake.

Wilayani Kilosa jambo hili limejaribiwa. Kuanzia mwaka 2012, mashirika ya hapa nchini yakisaidiwa na fedha za Uswisi yalishirikiana na vijiji kupanga uvunaji wa mkaa. Sehemu ya msitu wa kijiji hugawanywa viwanja vya mita 50 kwa 50, navyo huvunwa kama miraba ya bao la drafti, hiki kinakatwa na jirani yake kinaachwa. Visiki huachwa vichipue, na kiwanja kilichovunwa hakiguswi tena hadi ipite miaka 24. Mchomaji analipa ada kijijini kwa kila gunia, na kijiji kikaamua kwa mkutano wake fedha iende kwenye darasa, zahanati au kisima.

Angalia kilichotokea hapo, ndugu msomaji. Mti umepata bei. Mtu wa tatu, yule asiyekuwapo sokoni, amekaa mezani. Na mkaa haukupigwa marufuku. Siku mwanakijiji anapojua kwamba darasa la mwanawe limetoka kwenye msitu ule, hahitaji askari wa kumlinda nao.

Sisemi kwamba mpango huu unatosha kuilisha Dar es Salaam. Hautoshi. Wala tusijidanganye kuwa mkaa peke yake ndio unaomaliza misitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulithibitisha kuwa kilimo ndicho chanzo kikuu cha ukataji misitu Tanzania. Mchomaji mkaa mara nyingi hupita pale pale ambapo shamba linafuata. Hilo mtoa mada wetu hakulisema, pengine kwa sababu wakulima hawakuwepo ukumbini na shangazi alikuwepo.

Deni la hewa

Tumefika kwenye mataifa. Ukihesabu hewa ya ukaa inayotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi, Mtanzania mmoja kwa wastani hafikishi nusu tani kwa mwaka. Mmarekani hupita tani 13. Ni kweli kwamba hesabu hiyo haiingizi misitu, na tukiingiza misitu na kilimo sehemu yetu inaongezeka. Hata hivyo, joto la leo limetokana na kile kilichorundikana tangu karne ya kumi na tisa, na rundo lile si la shangazi. Mkataba wa mwaka 1992 wa Umoja wa Mataifa ulikiri hivyo: mzigo ni wa wote, lakini kila mmoja abebe kwa kadiri ya wajibu na uwezo wake.

Ahadi ikafuata. Copenhagen, mwaka 2009, nchi tajiri ziliahidi kwamba ifikapo 2020 zitakuwa zinakusanya dola bilioni 100 kila mwaka kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Kwa hesabu za OECD, kiasi hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, miaka miwili baada ya muda wake, kilipofika karibu dola bilioni 116. Nazo fedha zilizotoka katika mifuko ya umma, zaidi ya theluthi mbili zilikuwa mikopo. Jirani amekumwagia maji machafu uani, umedai fidia, naye akakukopesha fedha ya kununua ndoo, urudishe na riba. Novemba 2024, huko Baku, wakaahidi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, ilhali nchi zetu zilitaka trilioni 1.3. Januari 2025 Marekani ikatangaza kwa mara ya pili kujitoa katika Mkataba wa Paris.

Badala ya fidia tumeletewa biashara: kaboni. Mwenye kiwanda Ulaya anaendelea kutoa moshi, kisha analipia jiko banifu la mama wa Afrika, na moshi ambao mama huyo "hakuutoa" unafutwa kwenye daftari la mwenye kiwanda. Si kila mradi wa namna hii ni mbaya. Wapo wanavijiji waliopata fedha halali. Lakini mwezi Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi wa miradi ya majiko na kuona kwamba faida iliyouzwa ilikuwa imezidishwa takriban mara tisa. Yaani zimeuzwa tani tisa, imeokolewa moja. Nane zilizobaki ziko angani, na ukame wake utaangukia kwetu.

Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Ni hatua. Lakini kanuni haimsaidii asiyejua kuuliza. Kijiji kikijiwa na mgeni mwenye mkataba wa kaboni, naomba wazee waulize mambo manne kabla ya kuweka kidole. Kwanza, mkataba ni wa miaka mingapi, na wajukuu wetu wataruhusiwa kulima wapi? Pili, tani moja inauzwa bei gani huko nje, na kijiji kinabakiwa na ngapi? Tatu, msitu ukiungua, nani anadaiwa? Nne, mkataba uko kwa Kiswahili? La nne likikosa jibu, matatu ya mwanzo hayana haja ya kuulizwa.

Jibu la shangazi

Kwa muhtasari, nisemavyo ni hivi. Mti uwe na bei, na bei hiyo ipokewe na wanaoishi nao. Kodi isipandishwe kwenye nishati mbadala huku tukiwahubiria watu kuziendea. Msaada uelekezwe kwenye kile kipande cha kwanza kinachomshinda maskini. Na katika mikutano ya mataifa wawakilishi wetu wadai deni kama wadai, wasiombe kama waombaji.

Mwezi uliopita nilimtembelea shangazi. Nilikuta kando ya gunia lake ameweka mitungi sita midogo ya gesi ya kubadilisha. Nikamuuliza kama sasa ameacha mkaa. Akanitazama kama aliyeulizwa swali la mtoto.

"Baba, chai na mayai natumia gesi. Maharage na makande, mkaa. Siku ujazo wa gesi ukishuka, maharage nayo yatahamia. Mimi sijawahi kuupenda moshi."

Lile swali lake alikuwa amejijibu mwenyewe, tena kwa kitita kidogo kilichotoka kwenye kikoba cha akina mama wa mtaa. Semina ile haikumwongezea hata senti.